Msumbiji: Jinsi Kilio cha Pamba Kilivyogeuka Vita vya Uhuru

Kila redio inapotaja Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, barazani hutokea mkorogo uleule. Mmoja husema FRELIMO na RENAMO hawajamalizana. Mwingine husema kule hakujatulia tangu Mreno aondoke. Wa tatu, mara nyingi mzee, huanza kukumbuka wapigania uhuru wa Nachingwea, na kabla hajafika mbali, vita vitatu tofauti vimeshaingia kwenye chungu kimoja.

Basi tuvitenganishe kwanza. Vita vya uhuru vilianza tarehe 25 Septemba 1964, wapiganaji wa FRELIMO wakipambana na utawala wa Ureno, na vilikoma Septemba 1974. Vita vya pili ni vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO. Hivyo viliwaka kuanzia mwaka 1977, RENAMO ikiungwa mkono na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) kisha Afrika Kusini ya makaburu, hadi mkataba wa amani uliotiwa saini Roma Oktoba 1992. Vita vya tatu ndivyo vya sasa, vilivyoanzia mji wa Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, Oktoba 2017. Wenyeji huwaita wapiganaji wake al-Shabaab, ingawa si tawi la kundi la Somalia lenye jina hilo.

Makala hii ni ya vile vya kwanza. Ninavieleza kwa sababu ndivyo vinavyosimuliwa vibaya zaidi, kana kwamba watu waliamka siku moja wakiwa na bunduki. Hawakuamka hivyo. Walianza kwa kuomba, na waliomba kwa muda mrefu.

Maneno yanayotuchanganya

Tunapenda kuyatumia maneno ghasia, uasi na vita vya ukombozi kama vile ni kitu kimoja. Katika ghasia watu wamekasirika, wamejaa barabarani au mbele ya ofisi ya bwana mkubwa, na kesho yake wako shambani. Uasi ni kukataa amri, na silaha zinaweza kutumika, ila mara nyingi kinachotakiwa ni mzigo fulani uondolewe: kodi ipunguzwe, msimamizi katili aondoke, kazi ya lazima ikome. Kwenye vita vya ukombozi hakuna tena anayeomba mzigo upunguzwe. Watu wanamwambia mtawala kwamba hana haki ya kuwatwisha chochote. Vita vya aina hiyo vinahitaji viongozi, mpango, chakula, mahali pa kukimbilia, na subira ya miaka.

Mfano tunao nyumbani. Maji Maji ya mwaka 1905 ilianza kwa kung'olewa miche ya pamba kule Umatumbi, na ikasambaa kusini mwa Tanganyika kwa nguvu iliyowashtua Wajerumani. Hata kule Msumbiji, miongo mitano baadaye, pamba ndiyo iliyobeba kilio. Tofauti ya matokeo haikutokana na ushujaa, maana ushujaa haukupungua Umatumbi. Mmakonde wa mwaka 1960 alikuwa na vitu ambavyo Mmatumbi wa mwaka 1905 hakuwa navyo.

Mimi huvifikiria kama mafiga. Figa la kwanza ni dhiki inayomgusa kila mtu. La pili ni chombo kinachoziunganisha dhiki za sehemu mbalimbali ziwe dai moja. La tatu ni mgongo, yaani nchi ya jirani unayoweza kuegemea ukipigwa. Sufuria haikai juu ya mafiga mawili, na wapigania uhuru wa Msumbiji walilijua hilo kwa kuungua vidole.

Dhiki ilikuwaje hasa

Husemwa kwamba Wareno waliitawala Msumbiji miaka 500. Ni kweli kwamba Vasco da Gama alitia nanga pwani ile mwaka 1498, na kwamba Wareno walikaa kwenye visiwa, bandari na sehemu za bonde la Zambezi kwa karne nyingi. Kukaa bandarini si kutawala nchi. Mfalme Gungunhana wa Gaza, kusini, alikamatwa mwaka 1895. Kaskazini, Cabo Delgado na Niassa zilikabidhiwa kampuni ya kibiashara, Companhia do Niassa, iliyotoza kodi na kukamata watu wa kazi hadi mwaka 1929. Uwanda wa Wamakonde, ambako ndiko uliko mji wa Mueda, haukushikwa kikamilifu mpaka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo mzee wa miaka 60 aliyekuwa Mueda mwaka 1960 alizaliwa kabla Mreno hajapanda uwanda ule. Hakuhitaji kusimuliwa uhuru na mtu yeyote. Aliukumbuka.

Alichokuwa nacho sasa ni pamba. Kuanzia mwaka 1938 serikali ya António Salazar iliukaza utaratibu wa kilimo cha lazima. Viwanda vya nguo vya Ureno vilihitaji pamba rahisi, na rahisi kuliko zote ni ile ambayo mkulima hana hiari ya kuikataa. Eneo lilikabidhiwa kampuni, na kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee, kwa bei iliyopangwa na serikali. Kila familia ilipimiwa kipande cha kulima. Aliyewahi kulima pamba anajua inavyomaliza mikono: inataka kupaliliwa tena na tena, na magugu yake huja msimu uleule ambao mtama na mihogo nayo inaita. Mama aliyelazimishwa kuanza na pamba alirudi kwenye shamba la chakula akakuta nyasi zimeshamshinda. Njaa iliingia nyumba zilizokuwa na mavuno tele ya kitu kisicholiwa.

Mvivu, au aliyeitwa mvivu, alipigwa kwa palmatória. Hicho ni kibao kinene cha mti, kichwa cha mviringo chenye matundu, mfano wa mwiko mkubwa. Mtu alinyoosha viganja, akapigwa. Matundu yale hayakuwa mapambo. Kibao kikitua, nyama ya kiganja huvutwa ndani ya tundu na kuvimba, na baada ya mapigo kadhaa vidole havikunji. Kesho yake mtu huyohuyo alitakiwa kushika jembe.

Juu ya pamba kulikuwa na kazi za shokoa, ambazo kule ziliitwa chibalo. Mwanamume aliyeshindwa kuthibitisha kwamba ana kazi ya ujira inayotambuliwa aliweza kuchukuliwa kwa miezi sita kwenda kwenye mashamba makubwa, barabara au bandari. Kulima shamba lako mwenyewe hakukuhesabiwa kuwa kazi. Kila mmoja alitembea na kitabu cha pasi, na kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, jambo lililomrudisha mtu palepale penye pamba na shokoa.

Palikuwa na mlango wa kutokea, kwa jina tu. Mwafrika aliyesoma Kireno, akaishi Kireno na kuthibitisha hivyo mbele ya maofisa, aliweza kupewa hadhi ya assimilado, mtu aliyeonekana amestaarabika na kuondolewa kwenye sheria za wenyeji. Kwenye hesabu ya watu ya mwaka 1950 waliokuwa na hadhi hiyo hawakufika 5,000, katika nchi yenye Waafrika zaidi ya milioni 5. Wengine wote kisheria waliitwa indígenas.

Dhiki ya namna hii huzaa vitu vingi kabla ya vita. Watu walichoma mbegu za pamba kabla ya kuzipanda ili zisiote, wapate kusema ardhi imekataa. Walitunga nyimbo za kuwakejeli wasimamizi. Na zaidi ya yote, walihama. Maelfu ya Wamakonde walivuka mto Ruvuma kuja kukata mkonge Tanganyika. Kazi ya manamba haikuwa raha, sote tumesikia habari zake, lakini kwa mtu wa Mueda mshahara wa shamba la mkonge ulikuwa bora kuliko pamba ya bure.

Huku walikutana na jambo jipya. Walikuta vyama vya wafanyakazi vinavyogoma, na watu bado wako hai jioni. Waliikuta TANU, iliyozaliwa mwaka 1954, ikifanya mikutano ya hadhara. Walimsikia Nyerere akidai nchi kwa maneno, na serikali ya Waingereza ikimjibu kwa maneno. Walirudi kwao na nguo, sufuria, baiskeli, na neno moja: uhuru. Kwenye uwanda wa Mueda lilitamkwa "uhulu", na bado limo kwenye kumbukumbu za kule.

Kwa nini Mreno hakuzungumza

Wengi huuliza: kama Tanganyika ilipata uhuru bila risasi, kwa nini Msumbiji ilimwaga damu? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Waingereza walikuwa wema na Wareno wabaya. Mimi silikubali, maana Mwingereza huyohuyo alikuwa Kenya miaka hiyohiyo akinyonga watu na kuwafungia kambini. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, hapakuwa na walowezi wengi wa kupinga mabadiliko, na kulikuwa na Baraza la Kutunga Sheria ambalo TANU iliweza kugombea viti vyake mwaka 1958 na 1960. Mlango ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwepo.

Ureno iliufuta mlango wenyewe. Mwaka 1951 ilibadili katiba yake na kutangaza kwamba haina makoloni, ina "majimbo ya ng'ambo". Chukua mfano wa jirani aliyeingia kwenye uwanja wako akajenga. Ukimwambia aondoke, mnaweza kubishana juu ya mpaka, muda na fidia. Siku akienda kubadili hati na kuandika kwamba uwanja wako ni chumba cha nyumba yake, mazungumzo yamekufa, kwa sababu hakuna mtu anayejadiliana juu ya kutoka chumbani mwake. Kwa maandishi ya Lisbon, kudai uhuru wa Msumbiji hakukuwa siasa. Kulikuwa sawa na kutaka kuimega Ureno, na kazi ya kushughulika na watu wa namna hiyo ilikuwa ya PIDE, polisi wa siri.

Kuna sababu nyingine ambayo naiona ndiyo nzito, na haitajwi vya kutosha. Ureno yenyewe haikuwa huru. Salazar alishika uwaziri mkuu mwaka 1932, na chini yake Mreno wa kawaida hakuwa na uchaguzi wa kweli, gazeti lisilokaguliwa, wala chama cha upinzani kinachoruhusiwa kufanya kazi yake. Serikali isiyompa kura mkulima wake wa nyumbani ingewezaje kumpa kura mkulima wa Mueda? Kufungua mlango Afrika kungeulegeza na ule wa Lisbon. Liweke akilini hili, maana mwisho wa vita ulitokea upande huo.

Siku ya Mueda

Kabla ya risasi watu walijaribu kila njia ya amani waliyoiona. Mwaka 1957 wakulima wa uwanda ule, akiwemo Lázaro Nkavandame, waliunda ushirika wa pamba. Haukuwa wa mapinduzi. Waliomba walime pamba kwa hiari yao, wauze kwa pamoja, na wanachama wasichukuliwe shokoa. Ulipoanza kukua na kuvuta watu, maofisa waliuona kuwa hatari na kuubana. Nimekaa sana nikiufikiria ushirika huu. Watu walikubali kulima zao lilelile lililowaumiza, wakiomba tu walilime kama binadamu, na hata hilo likawa kosa.

Kisha zikaja jumbe kutoka Tanganyika, kwa Wamakonde waliokuwa wamejifunza kuomba kwa utaratibu. Wawili wanaokumbukwa ni Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane. Walikwenda kwa msimamizi wa Mueda kusema kwamba watu wanataka kurudi kwao waishi kwa amani na wajitawale. Wakaambiwa gavana mwenyewe atakuja kutoka Porto Amélia, mji unaoitwa Pemba leo, awajibu.

Tarehe 16 Juni 1960 uwanja wa mbele ya ofisi ya Mueda ulijaa. Hawakuja kupigana. Walikuja kusikia jibu, kama watu wanavyokwenda kusikiliza hukumu ya kesi yao. Gavana alizungumza na wajumbe, kisha wajumbe wakafungwa kamba na kuanza kupakiwa garini. Umati ukasogea kuzuia wasichukuliwe. Askari wakafyatua risasi.

Idadi ya waliokufa imezua ubishi hadi leo. FRELIMO ilisema baadaye kwamba waliuawa watu takriban 600. Taarifa za Wareno na utafiti uliofanywa miaka mingi baadaye zilitaja idadi ndogo sana, ya makumi au chini yake. Baadhi ya watu hulitumia pengo hilo kudai kwamba Mueda ni hadithi ya propaganda. Hapana. Watu waliokuja kuzungumza walipigwa risasi mbele ya mashahidi mamia, na mashahidi hao walikwenda nyumbani na ushahidi wao. Kwa waliokuwepo, kuomba kuliishia pale.

Hata hivyo tusiruke hatua. Wapo wanaosimulia kana kwamba risasi za Mueda zilijibiwa kesho yake. Vita vilianza miaka minne baadaye, na katika miaka hiyo minne ndipo kazi ngumu ilipofanyika.

Vyama vitatu na chungu kimoja

Baada ya Mueda hasira ilikuwepo ya kutosha. Chombo ndicho hakikuwepo. Wasumbiji wa ughaibuni walikuwa wametawanyika, na kila kundi liliiona nchi kutoka dirisha la kwake. Waliokuwa Tanganyika, wengi wao Wamakonde, waliunda MANU, wakiiga majina ya TANU na KANU. Waliokuwa Rhodesia, wengi wakitoka kusini na kati, waliunda UDENAMO mwaka 1960. Waliokuwa Nyasaland (Malawi ya leo), watu wa mkoa wa Tete, walikuwa na UNAMI. Mtu wa pamba, mtu wa migodi na mtu wa reli, kila mmoja alikuwa na jeraha lake na kiongozi wake.

Nyerere aliwahimiza waungane, na tarehe 25 Juni 1962, jijini Dar es Salaam, vyama hivyo vitatu vikawa FRELIMO. Uongozi akapewa Eduardo Mondlane, mzaliwa wa Gaza, mtu wa kusini aliyesoma hadi shahada ya udaktari Marekani, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, kisha akafundisha chuo kikuu cha Syracuse. Kuungana hakukuwa kama harusi. Kabla mwaka haujaisha baadhi ya waanzilishi walikuwa wamefukuzwa au wameondoka kuanzisha vyama vingine. Lakini dai lilikuwa limeshabadilika. Halikuwa tena la Mmakonde na pamba yake, wala la mtu wa Gaza aliyetokwa jasho migodini Afrika Kusini. Likawa dai la nchi nzima, kutoka Ruvuma hadi Maputo, mto wa kaskazini hadi mto wa kusini.

Mgongo nao ulikuwa umepatikana. Tanganyika ilikuwa huru tangu tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi na kuweka makao yake Dar es Salaam. Algeria, iliyotoka tu kwenye vita vyake na Ufaransa, ilipokea vijana takriban 250 wa FRELIMO kwa mafunzo. Waliporudi walipewa kambi Kongwa, na baadaye kituo kikubwa kikawa Nachingwea. Kongwa na Nachingwea ni pale ambapo Waingereza walitaka kulima karanga mwishoni mwa miaka ya 1940 wakashindwa vibaya. Majengo na viwanja vilivyoachwa na ule mradi vikawapokea wapigania uhuru.

Usiku wa tarehe 25 Septemba 1964, kikosi kidogo kilichoongozwa na Alberto Chipande kilishambulia kituo cha Wareno huko Chai, Cabo Delgado. Chipande ni mtoto wa uwanda uleule, na alisimulia baadaye kwamba alikuwepo Mueda siku ya risasi.

Kinachothibitisha uzito wa figa la tatu ni kwamba FRELIMO ilijaribu kuanzisha mapambano pia Tete na Zambézia. Dhiki ilikuwepo kule, tena pengine kubwa zaidi. Jirani aliyekuwa akipakana nako alikuwa Malawi, na kiongozi wake Kamuzu Banda alikuwa ameamua kuelewana na Wareno. Mapambano yakafa. Tete ilifunguliwa upya mwaka 1968, kwa kupitia Zambia. Watu ni walewale, mateso ni yaleyale, na kilichobadilika ni nani aliyekuwa nyuma yao.

Vita ndani ya vita

Wareno wakiondoka, nini kije? Swali hilo liliwagawa wapiganaji wenyewe. Kwenye maeneo waliyoyakomboa, FRELIMO ilianzisha shule, zahanati na mashamba ya pamoja, na wanawake wakaingia jeshini kwenye kikosi chao wenyewe. Josina Machel, aliyefariki mwaka 1971 akiwa na umri wa miaka 25, ndiye jina linalokumbukwa zaidi kati yao. Kwa Samora Machel, muuguzi wa zamani aliyekuwa amekabidhiwa jeshi, kumfukuza Mreno na kuacha mwananchi wa kawaida akinyonywa na mfanyabiashara mwenye ngozi kama yake haikuwa ukombozi.

Nkavandame, yule wa ushirika, aliona vingine. Alikuwa kiongozi wa FRELIMO wa Cabo Delgado na alishika biashara ya maeneo yale. Mvutano ukazidi, na mwaka 1969 alivuka akajisalimisha kwa Wareno, akaanza kuwaita wenzake waache kupigana. Habari hii inauma, na ndiyo maana wengi huiruka. Mimi naona inaeleza mambo mengi. Alianza vizuri, alipigania wakulima wake kwa kweli, ila dai lake liliishia pale lilipoanzia.

Mwaka huohuo, tarehe 3 Februari, Mondlane alifungua kifurushi kilicholetwa kama kitabu, akiwa Dar es Salaam, kikalipuka na kumuua. Machel akashika urais wa chama mwaka uliofuata.

Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alianzisha operesheni kubwa iliyoitwa Nó Górdio, akatumia makumi ya maelfu ya askari, ndege na mizinga kuzivunja kambi za kaskazini. Kambi zilianguka kweli. Wapiganaji waliondoka wakaongeza nguvu Tete, ambako Ureno ilikuwa ikijenga bwawa kubwa la Cahora Bassa. Wanavijiji nao walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vya kulindwa, hadi takriban watu milioni moja, ili wasiwalishe wapiganaji. Ukimtoa mkulima kwenye makaburi ya wazee wake na kumfungia ndani ya uzio, umemaliza ubishi uliokuwa umebaki moyoni mwake kuhusu upande wa kuchagua.

Tarehe 16 Desemba 1972 wanajeshi wa Ureno waliingia Wiriyamu na vijiji vya jirani mkoani Tete, wakaua raia karibu 400. Mapadri waliokusanya majina ya waliouawa waliyavusha nje ya nchi, na Julai 1973 gazeti la The Times la London likachapisha habari hizo, waziri mkuu wa Ureno Marcelo Caetano akiwa anajiandaa kuzuru Uingereza.

Mambo yanayosemwa ambayo si kweli

Husemwa ilikuwa vita ya weusi na weupe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban nusu ya askari waliopigania Ureno ndani ya Msumbiji walikuwa Waafrika, na FRELIMO ilikuwa na wanachama weupe na Wahindi. Mondlane na Machel wote walikataa hadharani kumfanya mzungu adui kwa rangi yake.

Husemwa pia kwamba uhuru ulidondoka kutoka Lisbon kama embe lililoiva, kwa sababu tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno waliipindua serikali ya Caetano na wananchi wakaweka maua ya mikarafuu kwenye mitutu ya bunduki. Mapinduzi hayo ni kweli yalifanyika. Lakini maofisa wale walichoshwa na nini? Walichoshwa na miaka 13 ya vita Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, ya kuzika vijana na kurudishwa Afrika zamu baada ya zamu kwa vita walivyoona havina mwisho. Waliobeba bunduki huko Mueda, Niassa na Tete waliisukuma Lisbon mpaka ikapasuka kwa ndani. Mreno naye alipata uhuru wake siku ile, na kwa sehemu alidaiwa na wakulima wa pamba.

Hata baada ya mapinduzi, Jenerali António de Spínola aliyepewa urais hakutaka kutoa uhuru kamili. Alifikiria shirikisho. FRELIMO ilikataa kuweka silaha chini na ikaendelea kushambulia hadi Ureno ilipokubali kukabidhi madaraka. Makubaliano yalitiwa saini Lusaka tarehe 7 Septemba 1974. Siku hiyohiyo walowezi wenye hasira waliteka kituo cha redio mjini Lourenço Marques, mji ulioitwa Maputo baadaye, wakajaribu kuyazuia, wakashindwa baada ya siku chache. Serikali ya mpito ikaanza chini ya Joaquim Chissano.

Tarehe ya uhuru ilipangwa iwe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu vyama vile vitatu vikae chini Dar es Salaam. Mwezi mmoja kabla, Samora Machel aliondoka Tanzania kwenda kuipokea nchi. Angeweza kupanda ndege hadi mji mkuu. Aliamua kuvuka Ruvuma, mto uleule walioupita manamba kwenda na kurudi na neno lao, na kuteremka kusini mkoa kwa mkoa akihutubia watu, mpaka Maputo.